Mzee Kenyatta Alipokuwa Mwanafunzi wa Marafiki, Birmingham



Kamati ilipotugawia kurasa hizi ilituomba tuandike habari za mmoja wa waliotuletea uhuru, na tusirudie ya mwaka jana. Tumemchukua Mzee Jomo Kenyatta. Tunajua wengine mtaguna, maana Mzee ameandikwa kila mahali. Lakini tunayemleta hapa si yule wa noti wala wa uwanja wa ndege. Ni mtu mzima anayekaribia miaka arobaini, mfuko mtupu, mke na watoto wawili amewaacha nyumbani, anakaa shule ya bweni katika mji wa baridi Uingereza akijifunza kuandika Kiingereza. Huyo sisi tunamjua vizuri. Wengi wetu tumepita njia yake.

Habari hii ilianzia stesheni ya Midi. Wengi tuliingia Brussels kwa mlango huo, tukiwa na sanduku moja na karatasi yenye anwani. Jina lake kwa Kifaransa ni la kusini, na Waflemi wanaiita Zuid, kwa hiyo mgeni akisikia matangazo anadhani amefika stesheni mbili. Jumapili asubuhi tunakwenda pale sokoni kutafuta pilipili, dania na ndizi za kupika. Na kutoka pale pale ndipo treni za London zinapoondoka. Likizo ya Pasaka iliyopita tulipanda treni hiyo na watoto saba wa jumuiya, tukaenda Birmingham kutazama nyumba aliyosomea Mzee.

Treni ya London huchukua kama saa mbili. Ukishuka St Pancras unatembea kidogo hadi Euston, unapanda nyingine hadi Birmingham New Street, kisha ya tatu, fupi, hadi Selly Oak. Sisi tuliosomea digrii ya uuguzi katika mji huo tulikuwa tumepita barabara ya Bristol mara nyingi kwa basi tukienda kwenye mafunzo ya wodini, kichwa kimeegemea dirisha, usingizi umetushika, na hatukujua kwamba nyuma ya miti ile kulikuwa na nyumba inayotuhusu. Tuliambiwa baadaye, tukiwa tayari tumehamia Ubelgiji.

Nyumba inaitwa Woodbrooke. Ilikuwa makao ya George Cadbury, mwenye kiwanda cha chokoleti cha Bournville, mtaa wa jirani. Mwaka 1903 aliitoa iwe shule ya Marafiki, wale ambao dunia inawaita Quaker. Watoto walikuwa wameahidiwa chokoleti, nao waliipata, ila kwa kuwa wamekulia Brussels waliila huku wakiikosoa.

Watoto wa Vihiga, Kakamega na Bungoma hawahitaji kuelezwa Marafiki ni nani. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi wakaanzisha misheni, na kutokana nayo zikaja zahanati, hospitali, kiwanda cha mbao na shule. Shule za bweni za Kamusinga na Lugulu ni wajukuu wa kazi hiyo. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, pamoja na Uingereza walikoanzia katika karne ya 17. Pemba pia walifika, huko Banani, baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, ili kuwasaidia watu walioachwa huru waanze maisha. Ila mtu wa Kaimosi akiingia ibada ya Marafiki wa Birmingham atashangaa. Hakuna pasta, hakuna nyimbo, hakuna ngoma. Watu wanakaa kimya kwa saa nzima, na mwenye neno anasimama kulisema. Kaimosi walipokea ule mtindo wa Kimarekani wenye mahubiri na nyimbo.

Sasa turudi kwa Mzee mwenyewe.

Alizaliwa Gatundu katika miaka ya 1890. Siku yenyewe haikuandikwa popote, naye mwenyewe hakuijua. Jina lake lilikuwa Kamau. Babake Muigai alifariki mtoto akiwa mdogo, akarithiwa na mdogo wa marehemu, Ngengi, kama desturi ilivyotaka, na mtoto akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Mamake Wambui naye hakukaa sana. Babu yake, Kungu wa Magana, alikuwa mganga, na mtoto aliishi naye kwa muda. Mwaka 1909 alijipeleka mwenyewe kwa misheni ya Waskoti pale Thogoto, akakaa bweni. Darasani hakung'ara. Walimtia katika useremala. Agosti 1914 alibatizwa akaitwa Johnstone Kamau.

Wakati wa Vita vya Kwanza alikaa kwa ndugu zake upande wa Narok, kwa Wamasai, na huko akaanza kuvaa ule mkanda wa shanga ambao jina lake la baadaye linahusishwa nao. Baadaye akafanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, karani wa stoo na msomaji wa mita. Alikuwa na mke, Grace Wahu, na mwaka 1920 wakampata Peter Muigai. Kazi ya mita ilimtembeza kila mtaa, akajuana na watu wengi. Mwaka 1928 akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, KCA kwa kifupi, na mhariri wa gazeti lake la Muigwithania. Mwaka huo huo akazaliwa Margaret Wambui.

Shida kubwa ya wakati ule ilikuwa ardhi. Walowezi walikuwa wamechukua sehemu nzuri, na watu hawakuwa na hakika kama hata kile kilichobaki kingebaki. Chama kikaamua kumpeleka mtu London akaonane na wakubwa wenyewe, maana Nairobi hakuna aliyesikiliza. Kenyatta aliondoka Mombasa Februari 1929, akakaa London zaidi ya mwaka, akapitia na Moscow, akaandika barua magazetini, na mwisho akarudi Septemba 1930 bila ahadi ya maana mkononi. Alikuwa pia ameacha madeni. Pesa zilizomtuma zilikuwa michango ya watu wadogo wadogo, na kuna waliouliza zilikwenda wapi. Swali hilo nalo tunalijua katika jumuiya hii.

Mei 1931 akatumwa tena, safari hii pamoja na Parmenas Mockerie. Bunge la Uingereza lilikuwa na kamati ya kujadili kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, na Waafrika waliogopa kwamba muungano huo ungewapa walowezi nguvu juu ya nchi zote tatu. Serikali ya Kenya ilichagua mashahidi wake Waafrika: Chifu Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Hao walisikilizwa. Wajumbe wawili wa KCA hawakuitwa. Hebu fikiria: umechangiwa nauli na watu wasio na viatu, umevuka bahari wiki kadhaa, umefika mlangoni, na mlango haufunguliwi. Wenzetu waliowahi kukaa katika ofisi za uhamiaji na namba mkononi hawahitaji kufikiria sana.

Wangeweza kurudi nyumbani. Mockerie alisoma kidogo kisha akarudi. Kenyatta akabaki. London alikuwa na watu waliompokea, miongoni mwao William McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kazi za umma Kenya na mkosoaji mkubwa wa walowezi, na mkewe Isabel, ambaye alikuwa wa Marafiki. Novemba 1931 Kenyatta akaingia Woodbrooke.

Woodbrooke haikuwa shule ya watoto wala chuo cha digrii. Watu wazima, wanaume na wanawake, kutoka nchi mbalimbali, walilala humo, wakala meza moja, wakasoma dini, mambo ya jamii na lugha. Wiki chache kabla Kenyatta hajaingia, Oktoba hiyo hiyo, Gandhi alifika akalala humo alipokuwa Uingereza kwa mkutano wa mustakabali wa India. Kenyatta alikaa hadi mwaka uliofuata, akapata cheti cha kuandika Kiingereza.

Cheti hicho kinaonekana kitu kidogo. Sisi hatukioni hivyo. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuhariri gazeti kwa Kikuyu, amekwisha kuandika maombi kwa serikali, amesimama mbele ya umati. Kisha akakaa darasani kama mwanafunzi, sentensi zake zikasahihishwa. Sisi tulipofika tulikuwa wauguzi tayari, tumeshazalisha watoto kwa mwanga wa koroboi, na tukarudishwa kwenye benchi kujifunza jinsi ya kuandika ripoti ya zamu kwa lugha ya watu, na baadaye hapa Brussels tukaanza tena kwa Kifaransa. Unajiona umepunguzwa. Usiku unalia kidogo, asubuhi unakwenda. Na ukweli ni kwamba bila ripoti ile huwezi kumtetea mgonjwa mbele ya daktari. Kenyatta aliona hivyo kuhusu ardhi: Juni 1932 alitoa ushahidi London mbele ya Tume ya Carter, iliyochunguza mambo ya ardhi Kenya, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, alichokiandaa akisoma chini ya Profesa Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Jina lililochapwa juu ya jalada lilikuwa Jomo Kenyatta. Johnstone alikuwa amekwisha.

Kitabu hicho tumekisoma, na tunawashauri vijana wakubwa wakisome, kwa sababu kilikuwa cha kwanza cha namna yake kumfanya Mwafrika wa Kenya aeleze watu wake kwa mdomo wake. Hapo hapo tuseme wazi: anapotetea tohara ya wasichana hatukubaliani naye. Tunajua alikuwa akijibu wamisheni waliodharau kila kitu cha Wakikuyu, na kwamba ugomvi wa mwaka 1929 uligawa makanisa na kuzaa shule za kujitegemea. Lakini sisi tumefanya kazi wodi ya wazazi, Kenya na hapa. Tumewaona wanawake hao wakijifungua. Heshima kwa Mzee haitufungi mdomo hapo.

Tuseme pia habari za chokoleti, maana kijana mmoja aliuliza njiani. Cadbury na wenzake walikuwa watu wa dini waliojenga nyumba nzuri za wafanyakazi wao pale Bournville. Lakini miaka ya mwanzo ya 1900 kakao yao nyingi ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno, ambako wavunaji waliletwa kutoka Angola na kuwekwa kama watumwa. Kampuni ilituma mtu achunguze, ikajadiliana, ikasubiri, na ilikuwa 1909 ilipoacha kununua. Wengi walisema ilichelewa mno. Watoto wa Ubelgiji wana habari zao za mpira wa Kongo za kujifunza kutoka miaka hiyo hiyo.

Baada ya Woodbrooke Kenyatta alikwenda tena Moscow, akarudi London 1933, akapanga chumba mtaa wa Cambridge, Pimlico, ambako leo kuna kibao cha buluu ukutani. Alijikimu kwa kusaidia wataalamu wa lugha waliokuwa wakichunguza matamshi ya Kikuyu, na mara moja hata kwa kucheza katika filamu, Sanders of the River, filamu inayosifu ukoloni. Tunacheka, lakini kodi ya nyumba ni kodi ya nyumba. Vita vya Pili vilipoanza alikwenda Storrington, Sussex, akafanya kazi shambani. Mwaka 1942 akamwoa mwalimu Mwingereza, Edna Clarke, na Agosti 1944 wakapata mtoto, Peter Magana. Oktoba 1945 alikuwa Manchester kwenye Mkutano wa Afrika Nzima pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore.

Septemba 1946 akashuka Mombasa. Hesabu yenyewe ni miaka kumi na mitano tangu aondoke. Muigai aliachwa na miaka kumi, akamkuta ana ishirini na mitano. Margaret aliachwa na miaka mitatu, akamkuta msichana mkubwa. Na huko Uingereza Edna alibaki na mtoto wa miaka miwili.

Hapa ndipo tulipokwama Selly Oak. Mmoja wa watoto saba tuliokwenda nao ni kijana wetu. Tulimwacha kwa nyanya yake akiwa na miaka mitatu tulipokuja kusoma, tukisema ni miaka mitatu tu. Ikawa sita. Barua zilikuwa zimekwisha zamani, tulikuwa na kadi za simu za kukwangua, na kila Jumapili alipewa simu akanyamaza. Alipofika hatimaye, tulimpokea Midi, maana ndege yake ilishukia Paris akaletwa kwa treni. Alitupa mkono, kama mtu anavyomsalimu mwalimu. Tulikuwa tumevaa koti jipya ili tupendeze, na yeye aliuliza kama nyanya atakuja na treni inayofuata.

Sasa ana miaka kumi na saba. Pale langoni Woodbrooke alitaka kujua kwa nini Mzee hakuwachukua watoto wake, na kama alijuta. Tulimpa majibu tuliyonayo: kwamba hakuwa na pesa, kwamba aliona kazi ya nchi inamshikilia, kwamba baada ya 1939 vita vilifunga bahari. Yote ni kweli. Lakini kati ya 1933 na 1939 meli zilikuwepo. Kijana alihesabu mwenyewe miaka hiyo, na hatukumpinga.

Mengine mnayajua, tutayapita haraka. Alishika chuo cha ualimu cha Githunguri, na Juni 1947 akawa rais wa KAU. Serikali ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa usiku huo, akashtakiwa Kapenguria kwamba ndiye kiongozi wa Mau Mau, pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kesi ile ilikuwa ya kupangwa. Alihukumiwa Aprili 1953 miaka saba, akakaa Lokitaung, kisha Lodwar na Maralal, akaachiliwa Agosti 1961. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapandishwa, na mwaka mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, yeye rais wa kwanza.

Wako wanaotaka tuishie hapo. Jumuiya yetu ina watu kutoka kila pembe, na haitakuwa haki. Chini ya Mzee, Pio Gama Pinto aliuawa mwaka 1965, Tom Mboya 1969, J.M. Kariuki 1975. Kaggia, aliyefungwa naye, alitofautiana naye juu ya ardhi ya maskini, akasukumwa pembeni. Na Oktoba 1969 alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji waliiita Russia. Kukawa na kelele na maneno makali kati yake na Jaramogi Oginga Odinga, na walinzi na polisi wakafyatulia watu risasi. Watu walikufa siku ya kufungua hospitali. Chama cha Jaramogi kikapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini. Kuna familia humu ukumbini zilizokuwepo siku ile.

Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Margaret, yule wa miaka mitatu, alikuwa amekwisha kuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, mwanamke Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mama Grace Wahu aliishi muda mrefu, akafariki 2007. Hakuna shule tuliyoisikia inayofundisha habari zake.

Woodbrooke nayo imeisha. Mwaka 2023, baada ya miaka mia na ishirini, shule iliondoka katika nyumba ile, kwa hiyo sisi tulitazama kutoka nje tu: miti, lango, paa. Watoto walipiga picha, mvua ikaanza, tukarudi stesheni. Tulifika Midi usiku sana. Kijana wetu alibeba mifuko miwili, wake na wetu, akatangulia kwenye ngazi.

Picha za safari zimebandikwa karibu na meza ya chai. Wanaotaka kujiunga na safari ijayo, ya Storrington, waandike majina kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa Januari, maana tikiti za mapema ni nafuu.